Mtwara hadi Ho Chi Minh: namna ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege

Mjomba alikuja dukani kwangu Chikongola na tiketi aliyotumiwa, karatasi tatu zilizokunjwa mara nne, akazitandaza juu ya mashine ya kopi. "Mpwa wangu, hebu nisomee. Hapa naondoka jioni, nafika kesho mchana. Sasa hewani nakaa muda gani?" Alikuwa anakwenda Ho Chi Minh, Vietnam, kuangalia mashine za kubangua korosho. Korosho zetu ghafi nyingi huishia huko na India, na yeye alikuwa amechoka kuziona zikipakiwa bandarini na maganda yake.

Ningeweza kumjibu kwa kuandika majina mawili kwenye simu na kumsomea namba iliyotokea. Tatizo ni kwamba namba hiyo huwa ni ya ndege isiyokuwepo, inayoruka mstari mmoja kutoka Mtwara hadi Vietnam bila kutua popote. Kwa hiyo tulikaa, nikachukua kalamu, tukaipiga hesabu yote. Ilituchukua muda wa chai moja na vitumbua viwili. Nawaandikia jinsi tulivyofanya, nanyi mbadilishe majina ya viwanja: Mumbai, Guangzhou, London, popote anapokwenda mtu wenu.

Neno moja kabla ya kuanza. Nikiandika "saa nane" nataja wakati wa siku, ule wa saa ya ukutani. Nikiandika "masaa manane" nataja urefu wa muda. Walimu wa Kiswahili watasema wingi wa saa ni saa, na wana haki yao, lakini kwenye habari za tiketi ukichanganya hivi viwili unalipa nauli mara mbili.

Unahitaji karatasi, kalamu na simu. Kikokotoo cha simu nyingi ukikilaza upande kinatoa vitufe vya sin na cos. Kama kuna tufe la dunia shuleni kwa watoto, liazime, na uzi wa kushonea.

Hatua ya kwanza: andika viwanja kwa herufi tatu

Kila uwanja wa ndege una herufi tatu zinazotumika kwenye tiketi na kwenye karatasi inayobandikwa begini. Mtwara ni MYW, Lindi (Kikwetu) ni LDI, Dar es Salaam ni DAR, Doha ni DOH. Ho Chi Minh ni SGN, kwa sababu mji huo uliitwa Saigon hadi 1976 na herufi zikabaki. Mumbai nayo bado ni BOM, ya Bombay, na Guangzhou ni CAN, ya Canton. Usishangae ukiona herufi hazifanani na jina la mji, ila hakikisha unazifahamu, maana ndizo utakazolinganisha na karatasi ya begi pale kaunta. Kama tiketi inasema SGN na begi limebandikwa herufi nyingine mwishoni, sema hapohapo kabla halijaondoka kwenye mkanda.

Safari ya mjomba ilisomeka hivi: MYW, DAR, DOH, SGN. Viwanja vinne, ndege tatu.

Hatua ya pili: umbali wa mstari mmoja

Kuna njia mbili, ya uzi na ya kikokotoo. Anza na ya uzi hata kama hesabu unaziweza, kwa kuwa macho yakishaona hayadanganyiki tena na ramani ya ukutani.

Zungusha uzi kwenye tufe juu ya mstari wa ikweta mpaka ukutane, kisha upime kwa rula. Tufe tulilotumia sisi lilitoa sentimita 94. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, kwa hiyo gawanya: 40,075 kwa 94 ni kama 426. Sentimita moja ya uzi ni kilomita 426. Sasa shika ncha moja ya uzi pale Mtwara, ncha nyingine Ho Chi Minh, uvute mpaka ukaze wenyewe. Usiulazimishe kupita unapotaka wewe. Ukikaza, unalala kwenye njia fupi kuliko zote. Uzi wetu ulisoma sentimita 18 na nukta kidogo. Mara 426, unapata kilomita 7,700 hivi.

Mjomba aliinama akaufuata uzi kwa kidole. Unaondoka Mtwara, unaingia baharini, unapita jirani na Shelisheli, na nusu ya njia hasa unakuwa juu ya visiwa vya kusini vya Maldivi, palepale ikweta inapopita. Halafu unakata kusini mwa Thailand ndipo unaifikia Vietnam. Nusu hiyo ya njia kuangukia ikweta ina sababu yake: Mtwara iko kama digrii 10 kusini ya ikweta, Ho Chi Minh iko karibu digrii 11 kaskazini. "Kumbe tuko sawasawa," alisema, "wao juu sisi chini." Ndiyo maana mkorosho unapatana na kote kuwili, nikamwambia.

Njia ya kikokotoo inatoa namba safi zaidi. Mliopita kidato cha tatu mtaikumbuka mada ya dunia kama tufe, ile ambayo kila mtu aliuliza itamsaidia nini. Fungua ramani ya simu, bonyeza kwa muda mrefu juu ya uwanja wa ndege, na namba mbili zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Latitudo ya kusini inaandikwa na alama ya kutoa mbele yake. Mtwara inasoma -10.336 na 40.182. Uwanja wa Ho Chi Minh unasoma 10.819 na 106.652.

Sasa fuata mpangilio huu bila kuruka:

Toa longitudo: 106.652 toa 40.182 ni 66.47.

Zidisha sin za latitudo mbili: sin ya -10.336 ni -0.1794, sin ya 10.819 ni 0.1877. Jibu ni -0.0337.

Zidisha cos za latitudo mbili pamoja na cos ya ile 66.47: 0.9838 mara 0.9822 mara 0.3992. Jibu ni 0.3857.

Jumlisha majibu mawili: 0.3857 na -0.0337 ni 0.3520.

Bonyeza cos kinyume (cos⁻¹) ya 0.3520. Inakupa digrii 69.4.

Zidisha kwa 111.2, ambazo ni kilomita za digrii moja ya uso wa dunia. Unapata 7,717.

Uzi wa kushonea na kikokotoo vimepishana kidogo mno. Mjomba aliufurahia uzi kuliko kikokotoo na sikumlaumu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni simu kuwa kwenye radiani badala ya digrii. Angalia pembeni ya kioo kama imeandikwa DEG. Jaribu sin ya 30, ikitoa 0.5 uko salama, ikitoa kitu kingine rekebisha kwanza. Kosa la pili ni kusahau alama ya kutoa ya kusini. Ukiisahau, Mtwara inahamia upande wa Ethiopia na safari inakuwa fupi bila sababu.

Wenye asili ya bahari, watu wa Mikindani na Kilwa, mnaweza kupenda maili ya baharini zaidi. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, nayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa hiyo chukua zile digrii 69.4, zidisha kwa 60, una maili 4,164. Marubani nao wanahesabu hivyohivyo. Walirithi kwa manahodha.

Hatua ya tatu: umbali wa njia utakayopita kweli

Hapa ndipo ile namba ya simu inapoachana na maisha. Rudia hesabu ya hatua ya pili kwa kila kipande:

Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400. Kwa barabara ni kama 560, lakini ndege haizunguki na Rufiji.

Dar hadi Doha ni kama kilomita 3,800.

Doha hadi Ho Chi Minh ni kama kilomita 6,000.

Jumla 10,200. Mstari ulionyooka ulikuwa 7,700. Mjomba anazungushwa kilomita 2,500 zaidi, sawa na kwenda Dar kwa barabara na kurudi mara mbili, na bado unabakiwa na chenji. Akaniuliza kwa nini aende kaskazini mpaka Uarabuni wakati anakotaka ni mashariki. Nikamjibu kwa mfano wa stendi: mtu wa Newala anayekwenda Nachingwea anaweza kulazimika kupita Masasi, maana magari yako Masasi. Doha, Dubai na Addis Ababa ndizo Masasi za angani.

Tulipima na ya Dubai pia. Dar hadi Dubai karibu 4,000, Dubai hadi Ho Chi Minh kama 5,600. Ukiweka na 400 za kwetu inakuwa kilomita 10,000. Imepungua 200, yaani kama robo saa ya ndege kubwa. Robo saa si kitu cha kuchagulia tiketi. Kinachochaguliwa ni muda wa kukaa uwanjani katikati, na hapo tofauti huwa ya masaa matatu, sita, hata kumi na mbili. Tiketi ya bei rahisi mara nyingi ndiyo yenye kulala kwenye viti.

Hata kipande kimoja kimoja hakinyooki kama uzi. Ndege hufuata njia zilizopangwa, huzunguka mawingu ya radi, na hukwepa anga za nchi zenye vita. Urusi ilipofungia anga yake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliruka kutoka masaa tisa na nusu hivi hadi karibu kumi na matatu, na miji yenyewe haikusogea hata hatua. Kwa hiyo ukiona ratiba inazidi hesabu yako kwa nusu saa au zaidi, usiifute hesabu yako.

Hatua ya nne: geuza kilomita ziwe masaa

Ndege kubwa ya jeti ikishapanda inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini usigawanye kwa 900. Kuna kutambaa uwanjani, kupanga foleni, kupanda taratibu na kushuka taratibu. Kanuni ninayotumia mimi: gawanya kwa 800, halafu ongeza nusu saa.

Doha hadi Ho Chi Minh: 6,000 kwa 800 ni 7.5, ongeza nusu, masaa manane. Tiketi ya mjomba ilisema masaa 7 na dakika 40. Vizuri.

Dar hadi Doha: 3,800 kwa 800 ni 4.75, ongeza nusu, masaa matano na robo. Tiketi ilisema masaa 5 na dakika 45. Nusu saa imezidi, na sababu nimekwishaitaja.

Kwa kipande cha Mtwara hadi Dar kanuni hii haifai, hasa ikija ile ya pangaboi. Ndege hiyo, aina ya Q400, inakwenda kama kilomita 650 kwa saa ikiwa juu, na kwa kilomita 400 haipati nafasi ya kukaa juu sana. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Weka saa moja na dakika kumi, basi.

Halafu upepo. Si kusi wala kaskazi tunayoijua sisi ya majahazi. Huu unavuma juu kabisa, kilomita kumi kutoka ardhini, kutoka magharibi kwenda mashariki, na una nguvu zaidi miezi ya baridi ya kaskazini. Ukienda Asia unakusukuma, ukirudi unakupiga usoni. Ndiyo sababu tiketi ya kurudi ya mjomba kutoka Ho Chi Minh hadi Doha iliandikwa masaa manane kamili, dakika ishirini zaidi ya kwenda, kwa njia ileile.

Hatua ya tano: soma saa za tiketi kwa Kiswahili

Hatua hii nitakaa nayo, kwa kuwa ndiyo inayowaumiza watu wetu, na iliniumiza mimi.

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Kugeuza ni rahisi. Kama saa ya tiketi iko kati ya 07 na 18, toa sita: 10:05 ni saa nne na dakika tano asubuhi, 17:35 ni saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni. Kama iko kati ya 19 na 23, toa kumi na nane: 23:20 ni saa tano na dakika ishirini usiku. Kama iko kati ya 00 na 06, ongeza sita: 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku.

Lakini hatari haipo kwenye saa. Ipo kwenye tarehe. Kwetu siku inaisha magharibi inapoingia. Tukisema "usiku wa Jumatano" wazee wengi wanaelewa usiku ule unaotangulia mchana wa Jumatano. Vijana wanaelewa usiku unaofuata. Tiketi yenyewe inabadilisha tarehe saa sita usiku, katikati ya usingizi, wala haimjali mzee wala kijana.

Miaka kadhaa nyuma nilikata tiketi iliyoandikwa tarehe 12, saa 01:25. Niliiona ile 01, kichwa kikasema saa moja, na saa moja usiku ni wakati mzuri wa kusafiri. Tarehe 12 jioni nikafika uwanjani Dar na begi langu, nimeoga, nimeagwa. Dada wa kaunta akaiangalia karatasi, akaniangalia, akasema kwa upole, "Kaka, hii imeondoka jana usiku." Haikuwa jana kwa hesabu ya karatasi, ilikuwa leoleo, masaa kumi na nane nyuma. 01:25 ni saa saba na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 12. Nilitakiwa niwe pale tarehe 11, saa nne usiku. Kosa lilikuwa langu peke yangu na nauli iliyopotea ilikuwa yangu peke yangu.

Tangu siku ile, tiketi yoyote yenye saa inayoanzia 00 hadi 05 naiandikia kwa kalamu pembeni, kwa herufi kubwa: USIKU WA KUAMKIA, kisha tarehe, na chini yake naandika "toka nyumbani" na tarehe ya siku iliyotangulia. Ndege ya tatu ya mjomba, ile ya kutoka Doha saa 02:10, ilikuwa ya aina hiyo. Yeye haikumdhuru kwa sababu angekuwa tayari yuko uwanjani. Anayeanzia safari Dar kwa ndege ya usiku wa manane ndiye wa kuandikiwa.

Ukiona +1 karibu na saa ya kufika, maana yake unafika siku inayofuata ile ya kuondoka. Ni alama ndogo, imechapwa kwa wino hafifu, na ndugu wa kukupokea wasipoambiwa watakwenda uwanjani siku moja mapema.

Hatua ya sita: ondoa tofauti ya majira

Watu wa mpakani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ukivuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, au kwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala, saa ya Msumbiji iko saa moja nyuma ya yetu. Umevuka mto tu, jua ni lilelile, lakini duka la ng'ambo linasema bado halijafungua. Angani ni hivyohivyo, ila mto ni mpana.

Kila saa iliyochapwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule unaotajwa. Ya kuondoka ni ya unakotoka, ya kufika ni ya unakofika. Huwezi kutoa moja kwenye nyingine mpaka uzilete kwenye saa moja. Mimi nazileta zote kwenye saa ya Tanzania.

Doha ina saa sawa na yetu, hapo hakuna kazi. Vietnam iko mbele yetu kwa masaa manne. China yote, kubwa ilivyo, inatumia saa moja iliyo mbele yetu kwa masaa matano. India iko mbele kwa masaa mawili na nusu, na hiyo nusu husahaulika sana. Uingereza iko nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa kiangazi chao, maana wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi chochote.

Tiketi ya mjomba: anaondoka Dar 17:35, anafika Ho Chi Minh kesho yake 13:50. Ukitoa juu juu unapata masaa 20 na robo, na ndiyo namba iliyokuwa imemtisha. Lakini 13:50 ni saa ya Vietnam. Toa manne: kwa saa ya Tanzania ni 09:50. Kuanzia 17:35 hadi 09:50 ni masaa 16 na robo. Ndani ya hayo, masaa 5:45 ya ndege ya Dar hadi Doha, 2:50 ya kusubiri Doha, na 7:40 ya ndege ya Doha hadi Ho Chi Minh. Jumlisha uone kama inafika 16:15. Isipofika, kuna kipande umekikosea, rudi nyuma.

Hatua ya saba: hesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni

Safari haianzi 17:35. Mjomba anaondoka nyumbani Shangani saa mbili asubuhi, anapanda ndege ya Mtwara ya 10:05, anatua Dar 11:15. Anakaa hapo masaa sita na dakika ishirini. Kule mwisho, weka saa moja na nusu ya uhamiaji, begi na gari hadi hotelini. Anafika kitandani saa tano na dakika ishirini asubuhi ya kesho yake kwa saa za Mtwara. Masaa 27 na dakika 20, na hewani ni 14 na dakika 35 tu. Karibu nusu ya safari ya ndege ni kukaa chini.

Alinung'unika kuhusu yale masaa sita ya Dar. "Si ningepanda ya mchana?" Hapana. Kuna mambo matatu.

Kwanza, ndege za ndani hutumia jengo la pili pale uwanja wa Julius Nyerere, na mashirika ya nje yako jengo la tatu, lile lililofunguliwa 2019. Unachukua begi, unatoka nje, unahama jengo, unaanza ukaguzi upya.

Pili, kama tiketi ya Mtwara umekata peke yake na ile ya kimataifa peke yake, hakuna anayekusubiri. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili inaondoka na kiti chako kitupu, na hasara ni yako. Ukiweza kukata zote kwenye tiketi moja, kata hata ikizidi bei kidogo. Hapo wakikuchelewesha wao, wao ndio wa kukutafutia ndege nyingine. Mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya kuruka, kwa hiyo mwisho wako wa kweli si 17:35, ni 16:35.

Tatu, kuna siku ndege ya Mtwara haiji kabisa, na mpango wako wa akiba ni basi. Basi linaondoka alfajiri na linaweza kula siku nzima. Tena barabara yenyewe si ya kuapia: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Kwa safari ya kimataifa kipindi cha masika, mimi namshauri mtu alale Dar usiku mmoja kwa ndugu. Kila mtu wa Kusini ana ndugu Mbagala au Temeke.

Mliopo Lindi, ongezeni kipande chenu. Wengi wenu mtalazimika kuja Mtwara, kilomita zaidi ya 100 za barabara, au kwenda Dar moja kwa moja kwa basi. Hesabuni masaa mawili hadi uwanjani Mtwara na mengine mawili ya kukaa kabla ya ndege. Mara nyingi basi la Dar linawafaa zaidi, kwa kuwa mnakuwa mmeshapunguza njia.

Ya kurudi, kwa kifupi

Kurudi ni hesabu ileile ikigeuzwa: unapokuja magharibi saa zinakurudia. Tiketi ilisema anaondoka Ho Chi Minh 20:05 na kufika Doha 00:05. Mjomba akacheka, "Masaa manne tu? Kwenda saba, kurudi manne?" Ongeza yale manne ya tofauti ya majira, ni manane. Na ile 00:05 inabeba tarehe mpya, kwa hiyo niliiandika pembeni kwa kalamu kama kawaida yangu.

Nilimchapia yote kwenye karatasi moja: kushoto saa ya tiketi, katikati saa ya Kiswahili na tarehe, kulia saa ya Mtwara kwa ajili ya shangazi atakayekuwa anapiga simu. Chini nikaongeza kwamba akimpigia baada ya isha, saa mbili usiku, kwake itakuwa saa sita usiku na atakuwa amelala. Alitia karatasi mfukoni, akanilipa mia mbili ya kopi, akaomba na ule uzi.